Kinachotikisa Mwamba wa Ogoti

Kebirigo ni nchi ya chai, na ndiyo maana pale kijiweni petu tunakunywa kahawa. Mtu aliyeshinda shambani akichuma majani tangu umande haujakauka hana hamu ya kuyaona tena kikombeni. Kijiwe chenyewe ni ubao mrefu juu ya mawe mawili, mbele ya meza ya Bonareri, pale barabara ya lami inapokutana na njia ya udongo mwekundu inayoshuka mashambani. Bonareri huleta birika moja kubwa saa kumi alasiri, na likiisha limeisha; hachemshi la pili hata akija gavana. Kwa hiyo mabishano yetu yana mwisho unaojulikana. Jumanne ile birika lilikuwa bado limejaa hadi shingoni Mzee Ogoti alipofika, ameshika simu kama mtu aliyeshika yai, akakaa bila kutusalimu.

Hilo peke yake lilitutisha, kwa maana Ogoti hakai hivi hivi. Kwanza huutikisa ubao kwa mkono, husubiri utulie, ndipo huketi. Alikuwa karani wa mizani katika kituo cha kununulia majani chai kwa miaka thelathini na mmoja, na hadi leo tunamwita Sifuri. Kabla ya kutundika gunia la mtu yeyote alikuwa anasogea nyuma hatua tatu, anaamuru kila mtu asogee pia, kisha anangoja mshale urudi kwenye sifuri na kutulia kabisa. Mvua inyeshe, lori lipige honi, yeye anangoja. Akina mama walinung'unika kwamba anawachelewesha, lakini hakuna aliyewahi kusema kilo yake imepotea mikononi mwa Ogoti.

— Kwamboka amepiga simu, alisema. Kuna kitu kinatikisa mwamba.

Kwamboka ni binti yake, kitinda mimba, anafundisha fizikia chuo kikuu huko Nairobi. Alhamisi iliyotangulia alikuja na sanduku la chuma lenye ukubwa wa sufuria ya kupikia watu kumi, akaliweka katika nyumba ya marehemu bibi yake, nyumba tupu iliyojengwa juu ya mwamba chini ya shamba la Ogoti. Kazi ya sanduku lile ni kusikia ardhi inavyotikisika, hata mtikisiko usiohisiwa na mtu, na kumpelekea habari kwa simu mara moja kwa siku, jioni.

Kabla ya kurudi Nairobi alipita kijiweni akatueleza kwa subira, maana tulikuwa tumeshaanza kusema ni mambo ya dhahabu. Alisema wataalamu walijua zamani kwamba vitu vidogo kabisa havina adabu ya vitu vikubwa. Kikombe kiko mezani au hakiko. Lakini chembe ndogo sana inaweza kuwa kana kwamba iko hapa na pale kwa wakati mmoja, mpaka kitu kiiguse, ndipo ichague pa kukaa. Tabia hiyo wanaiita kwanta. Mwanga unayo, umeme unayo. Kinachosumbua ni graviti, yaani ule mvuto unaoangusha ndizi iliyoiva: hakuna ajuaye kama nayo ina tabia hiyo au ina yake.

Basi wenzake wanataka kuipima. Watatundika vioo viwili vidogo, kila kimoja uzito wa punje ya wimbi la uji, karibu karibu bila kugusana, na kati yao pasiwe na kitu chochote ila mvuto wa punje kwa punje. Kisha watavimulika, na mwanga unaorudi utawaambia vinavyocheza. Vikionekana vimefungamana kwa namna ambayo kwanta tu ndiyo inayoweza kufunga, basi graviti nayo ni kwanta. Alikiri kwamba hakuna mahali duniani walipofaulu bado, na kwamba yeye mwenyewe huenda akaota mvi kabla ya jibu. Mvuto wa punje mbili ni mdogo mno. Mtu akikohoa nje ya dirisha ameufunika.

Nakumbuka Ogoti alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hiyo ni kazi ya mizani tu. Ni kuhakikisha mshale umesogezwa na majani, si na upepo, wala na goti la mwenye gunia. Kwamboka alicheka, akasema hajasikia ikielezwa vizuri zaidi, na tangu siku ile mzee akawa anatembea kifua mbele.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, nalo Ogoti hakulisema, tuliliona. Mahali pa kutundika vioo palipobaki ni pawili tu: mwamba wake, au shimo la machimbo ya kale huko kaskazini, safari ya siku nzima. Sanduku linakaa wiki moja kila mahali, na penye utulivu zaidi ndipo vioo vitakapokwenda, na Kwamboka navyo, kwa miaka. Tangu mama watoto afariki, Ogoti anakula peke yake. Ijumaa alipaka chokaa chumba cha binti yake. Jumapili alipanda chinsaga kando ya mlango wa jikoni, kwa sababu msichana yule huila mboga hiyo kama aliyetoka kufunga.

— Anasema ni mara tatu kwa siku, Ogoti aliendelea. Saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa kumi na mbili jioni. Dakika tano, halafu kimya. Sasa umebaki muda wa kuanzia leo jioni mpaka Alhamisi. Tukipata siku hizo zikiwa tulivu, zinatosha. Tusipopata, sanduku linakwenda kaskazini.

Sote tulimgeukia Manasseh, tunayemwita Injini, mwenye mashine ya kusaga mahindi hapo sokoni. Injini aliweka kikombe chini taratibu. Alituuliza kama kuna mtu amewahi kumwona akiwasha mashine saa moja asubuhi, yeye ambaye mke wake humwamsha kwa maji. Tulikubali kwamba hapana. Akiwa ameshavuka hatari hiyo, akatoa maoni yake: dunia ina injini yake ndani, na kila injini lazima ipashwe moto mara kadhaa kwa siku, hasa ikiwa ya zamani.

— Maji yakimwagika hayazoleki, alimalizia, na hakuna aliyeelewa methali hiyo imefikaje hapo.

Obwocha, kijana wa bodaboda, yeye tunamwita Redio kwa kuwa hazimiki. Alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake, na nyuma yake, mwishoni mwa ubao, alikuwepo abiria anayemsubiri, mama mmoja mnunuzi wa ndizi kutoka Mosocho aitwaye Mokeira. Alikuwa amemwambia Redio mara mbili waondoke. Redio alikuwa amemjibu mara mbili kwamba angoje kidogo, hapa kuna sayansi.

— Wazee, hii si ngumu, Redio alisema. Graviti haiji mfululizo. Inakuja kwa bando, kama za simu. Kuna bando ya asubuhi, ya lunch na ya jioni. Hiyo dakika tano ni ile time inaload. Ndiyo hiyo kwanta Kwambo alikuwa anasema. Haba na haba hujaza kibaba.

— Na mbona mimi sijawahi kuisikia ikiload? Injini aliuliza.

— We ni mzito, buda. Utaisikiaje?

Hapo Alfayo, mzee wa kanisa la Waadventista, ambaye hunywa maji ya moto yenye tangawizi wakati sisi tunakunywa kahawa, akauliza swali la maana. Alitaka kujua kama mwamba ulitikisika pia Jumamosi. Ogoti alifungua karatasi aliyoandika kwa mwandiko wake wa karani, safu zimenyooka. Jumamosi asubuhi, ndiyo. Jumamosi jioni, ndiyo. Jumamosi mchana, hakuna kitu.

Alfayo aliegemea nyuma na kufumba macho kwa raha. Alisema kwa sauti ya chini kwamba asingependa kumlazimisha mtu, ila ushahidi umeandikwa na karani mwaminifu: mwamba unaomba mara tatu kwa siku, na siku ya Sabato, saa ya ibada kuu, unanyamaza kama kiumbe mwenye heshima.

Injini ni Mkatoliki, na jambo hilo lilimuuma. Alidai maelezo ya asubuhi na jioni ya siku hiyo hiyo. Alfayo alikuwa nayo tayari. Asubuhi mwamba ulikuwa ukijiandaa kwenda kanisani. Jioni, jua likitua, Sabato imekwisha, kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Redio akasema basi hilo ndilo jibu la kumpelekea Kwamboka, kwamba graviti si kwanta, ni Sabato. Tulicheka mpaka Bonareri akashika birika lisianguke, na hata Ogoti alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka.

Alituhesabia alivyolinda mahali pale. Ng'ombe amempeleka kwa Makori, ng'ambo ya mto. Kuku wamefungiwa. Watoto wa jirani amewaomba wachezee upande wa juu wa barabara, na wamekubali kwa ndizi mbivu. Kwamboka alimwambia asiruhusu mtu yeyote kuingia, na hajaruhusu. Alitoa ufunguo kifuani, umefungwa kwa kamba shingoni, akatuonyesha kama shahidi mahakamani. Mimi niliutazama ufunguo ule na sikuona kitu. Nasema hivyo ili mtu asidhani nilikuwa na akili kuliko wengine.

Ndipo yule mama wa Mosocho akaongea. Alikuwa amekunja mikono juu ya kikapu, na alianza kwa kuomba radhi kwamba yeye ni mpita njia.

— Huo mwanga mtakaovimulikia, aliuliza, wenyewe hauvigusi?

Tulitazamana. Redio alisema mwanga ni mwepesi. Injini akamuuliza kama ni mwepesi mbona jua linamchubua shingo. Alfayo alikunywa tangawizi yake polepole kuliko kawaida. Ogoti, kwa heshima, alitoa kalamu akaandika swali lile chini ya safu zake, akasema atamuuliza mwenyewe.

Mokeira alishukuru, akaendelea. Alisema yeye huivisha ndizi shimoni. Unachimba, unatandika majani makavu, unapanga mikungu, unafunika vizuri kwa majani na udongo, joto linabaki ndani. Mama mkwe wake alikuwa na bidii sana. Kila asubuhi ndizi hazijaiva, akalaumu panya, akalaumu mvua, mara moja akamlaumu jirani. Kumbe kila alfajiri alikuwa anafunua kuchungulia kama joto lipo, na joto lilikuwa linatoka anapochungulia.

— Sasa kwako, baba, nani anafunua?

— Hakuna anayefunua, Ogoti alijibu bila kusita, mkono wake ukirudi kwenye ufunguo.

Tuliafiki kwamba hakuna. Bonareri alimimina tena. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya miti ya mwisho, na Ogoti, kama kila siku saa hiyo, aliinuka. Aliinuka kwa kuegemea goti la kulia, ingawa tangu Krismasi ametuambia sote, pamoja na daktari, kwamba la kushoto limepona. Alisema atarudi baada ya muda mfupi, tumwekee nusu kikombe.

— Unaelekea wapi, baba? Mokeira aliuliza.

Lilikuwa swali la adabu, la kumuaga mtu. Ogoti alifungua mdomo.

— Kuangalia kama…

Akaishia hapo. Tulisikia gari likipanda mlima kutoka upande wa Nyamira, likabadilisha gia, likapita. Redio alivuta pumzi ya kusema jambo, na Bonareri akamwekea kikombe mkononi kabla halijatoka. Hakuna aliyecheka. Sijui wengine walikuwa wanawaza nini. Mimi niliwaza mambo ambayo mwenyewe nimeyachungulia mpaka yakapoa.

— Navua gambuti mlangoni, Ogoti alisema hatimaye. Naingia na soksi. Nachuchumaa, nalisikiliza tu. Siligusi.

— Mwenda pole hajikwai, Injini alimwambia kwa upole, na lazima nikiri kwamba nia yake ilikuwa njema.

Alfayo alikuwa ameishika ile karatasi. Aliisoma tena, akaikunja.

— Jumamosi mchana ulikuwa kanisani, ndugu yangu. Ulikaa nyuma yangu.

Alisema hivyo bila kisirani, na ikumbukwe kwamba alikuwa anaubomoa muujiza wake mwenyewe.

Ogoti alirudi kuketi. Safari hii aliutikisa ubao kwanza, kwa mazoea, akangoja utulie. Alisema kituoni alikuwa anasogea nyuma hatua tatu kila mara, miaka thelathini na mmoja, na hakusahau hata siku moja. Lakini kule hapakuwa na kitu chake ndani ya gunia. Kulikuwa na kazi ya kufanya, nayo ilikuwa ya kumzuia mzee asiende.

Msidhani ni kazi rahisi. Saa kumi na mbili ilipokaribia, miguu yake ilianza kujisogeza chini ya ubao. Je, kama kuku wametoka? Je, kama ng'ombe aliye kwa Makori amekumbuka kwao? Injini alimhadithia kisa kirefu cha mshipi wa mashine uliokatika mwaka jana. Alfayo akaanza kumtajia wazee wote wa kanisa tangu kanisa lilipokuwa la nyasi. Redio, ambaye kwa kawaida angekuwa barabarani akitafuta wateja, alizima simu yake na kuuliza maswali kuhusu kila mzee. Mokeira hakusema tena kwamba amechelewa. Alitoa ndizi mbivu kwenye kikapu akatugawia, na Ogoti aliimenya yake taratibu sana, kama anayefungua barua.

Saa kumi na mbili ikafika. Ikapita. Dakika tano, kumi. Jogoo wa mtu aliwika bila sababu, na Ogoti akashtuka kama ameitwa.

Simu ililia giza likiwa linaanza kuingia. Ogoti hasikii vizuri, kwa hiyo simu yake huongea kwa sauti ya wote, na sisi tuliangalia barabara ili asione kwamba tunasikia.

— Tata, mwamba umetulia, Kwamboka alisema. Jioni hii hakuna kitu kabisa.

— Ni mimi, Ogoti alisema.

Aliisogeza simu karibu na mdomo.

— Mwanangu, ni mimi niliyekuwa nautikisa. Nilikuwa nakwenda kuangalia kama umetulia.

— Najua, tata.

— Unajua tangu lini?

— Tangu Ijumaa.

— Na hukuniambia.

— Ningesemaje?

Injini alivua kofia yake akaiweka gotini. Sote pale tuna watoto au ni watoto wa watu, na tulijua alichomaanisha. Kwetu mtoto hamnyooshei baba yake kidole. Husema kuna kitu, kisha hungoja, na kama ana bahati mzee ataondoka mwenyewe mbele ya mizani. Msichana yule aliiweka rehani miaka yote aliyotaka kukaa nyumbani, akaiacha hapo siku nne nzima, kwa ajili ya adabu. Wapo watakaosema alikosea. Mimi sijui.

Ogoti alimwuliza kama kesho na keshokutwa zitatosha. Alisema zitatosha, ikiwa zitafanana na jioni hii. Mzee akamwambia atakuwa anakaa kijiweni kuanzia asubuhi, na Bonareri, bila kuulizwa, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akavaa miwani akasoma lile swali kutoka kwenye karatasi, neno kwa neno: huo mwanga, wenyewe hauvigusi?

Tukasikia kicheko upande wa pili.

— Unavigusa, tata. Kila ukitazama, unasukuma kidogo. Ukipunguza mwanga, huoni, ukiongeza, unavisukuma. Hatujui bado pa kusimama. Nani ameuliza?

Ogoti alimtazama Mokeira, naye akatazama kikapu chake.

— Mama wa ndizi, kutoka Mosocho.

— Mwambie nikija nitamtafuta.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, Injini alisema, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kijiwe chetu methali yake ilitua mahali pake. Hata yeye alishangaa. Redio alikuwa ameshawasha pikipiki, akimfutia Mokeira kiti kwa mkono wa shati lake.

Tulidhani mazungumzo yamekwisha. Bonareri alilipindua birika juu ya kikombe cha Ogoti, likatoa tone moja, la pili, basi. Mzee alikuwa anatafuta kitufe cha kukata simu.

— Tata, Kwamboka alisema.

— Naam.

— Goti la kushoto, bado? Hatua za jana hazikuwa sawa. Mguu mmoja ulikuwa unakawia kushuka.

Ogoti alikaa na simu mkononi. Alitutazama sisi, ambao tangu Krismasi alituambia limepona, na hatukuwa na hata kahawa ya kujifanya tunakunywa.

— Linauma, mwanangu, alisema. Linauma kidogo.